Ukibonyeza kitufe cha sauti, nani ana haki ya kukujibu?

SWALI

"Kaka mtaalamu, salaam kutoka Columbus, Ohio. Mama amekuja kututembelea kutoka Tanga, na mchana tukiwa kazini TV ndiyo mwenzake. Nimemfundisha kushikilia kitufe cha maikrofoni kwenye rimoti na kusema anachotaka. Shida ni kwamba akiwa ndani ya YouTube kabisa, akisema 'taarabu', TV inamtoa YouTube na kumpeleka kwenye programu ya muziki ambayo hata hatujajisajili. Siku nyingine iliandika 'Tara Boo' ikamletea katuni. Mwenzangu kazini anasema hiyo si hitilafu, ni ugomvi wa makampuni, eti mwaka 2021 Roku na Google walikuwa na kesi juu ya jambo hilihili. Ni kweli? Na kama ni kweli, nani alikuwa na haki?"

JIBU

Mfikishie mama shikamoo yangu, na umwambie kosa si lake. Mwenzako kakaribia kupatia. Kesi mahakamani haikuwepo. Kilichokuwepo ni mkataba uliokuwa unafika mwisho, na kampuni mbili, Roku inayouza boksi za kuleta programu za intaneti kwenye TV na Google mwenye YouTube, zilizoshindwa kukubaliana nani atangulie kumjibu mtu akibonyeza kitufe kile. Hilo la "Tara Boo" ni jambo jingine, nitalirudia chini kwa sababu lina dawa.

Tuanze na kitufe chenyewe. Mama akikishikilia, rimoti inachukua sauti yake na kuipeleka kwa intaneti hadi kwenye seva za mwenye boksi, au za aliyetengeneza mfumo uliomo ndani ya TV. Huko sauti inageuzwa kuwa maandishi, kisha maandishi yanapimwa: huyu anataka filamu, anataka wimbo, anataka kufungua programu fulani, au anataka tu TV ipunguze kelele? Ikishaelewa, mashine inapekua orodha yake. Na orodha hiyo haijajiandika yenyewe. Kila programu inayotaka kuonekana kwenye utafutaji humpelekea mwenye boksi katalogi: jina la filamu, mwaka, waigizaji, bei, pamoja na kiungo cha kuifungua papo hapo. Ndiyo maana ukitaja filamu unaambiwa huku ni bure, kule ni kwa dola kadhaa.

Sasa ugomvi unapoingia ni hapa. Ukitafuta kitu kwenye simu unaburuza kidole, unapita la kwanza, la tano, la kumi na mbili. Kwenye TV umekaa kochini, rimoti mkono mmoja, chai mkono mwingine. Unachukua lililo mbele yako. Kwenye muziki hata kuchagua hakuna: unasema "taarabu", mashine inaanza kupiga. Nafasi ya kwanza inakuwa ndiyo nafasi yote, na mwenye kuigawa ana mali mkononi kama mwenye kugawa vibanda vya mbele sokoni Kariakoo.

Roku ilijua thamani ya vibanda hivyo kuliko wengi. Ni kampuni ya Marekani, ilianzishwa na Anthony Wood mwaka 2002, na jina lake ni "sita" kwa Kijapani, maana hiyo ilikuwa kampuni yake ya sita. Watu wanadhani inaishi kwa kuuza boksi. Siyo. Katika miezi mitatu ya kwanza ya 2021 iliingiza dola milioni 574.2, na kati ya hizo milioni 466.5 zilitoka upande wa jukwaa, yaani matangazo na fungu lake katika ada za programu. Boksi ni mlango tu. Biashara iko ndani, na mwezi Machi mwaka huo milango hiyo ilikuwa akaunti hai milioni 53.6.

Jumatatu ya tarehe 26 Aprili 2021 wateja wa Roku walipata barua pepe: huenda YouTube TV ikaondoka kwenye boksi lako. (YouTube TV si YouTube hii anayoitazama mama. Ni huduma ya kulipia ya chaneli za TV za Marekani, wakati ule dola 64.99 kwa mwezi.) Roku ikadai kwamba Google, mwenye YouTube, ameleta masharti ambayo haiwezi kuyameza. Shika manne, kwa sababu kila moja lina uzito wake.

La kwanza, Roku ilisema inatakiwa iitengee YouTube safu yake pekee kwenye majibu ya utafutaji, mahali pa kuonekana vizuri kuliko wengine. La pili, mtu akiwa ndani ya YouTube na akabonyeza kitufe cha sauti, majibu ya programu nyingine yazuiwe. La tatu linamgusa mama moja kwa moja, ila kwa kinyume: mtu akiwa ndani ya YouTube na akaomba wimbo, apelekwe kwenye muziki wa YouTube hata kama mwenyewe alishachagua kwenye mipangilio programu nyingine ya muziki. La nne halikuwa la sauti, lilikuwa la vyuma: masharti juu ya chipu na uwezo wa boksi, ambayo Roku ilisema yangepandisha bei ya vifaa vyake. Juu ya hayo ililalamika kwamba Google inataka data za watazamaji ambazo wengine hawapewi, na ikasisitiza kwamba yenyewe haidai hata dola moja ya ziada.

Google ikakana. Ilisema haijawahi kuomba data za watumiaji wala kuingilia majibu ya utafutaji, na kwamba Roku imechukua mazungumzo ya YouTube TV ikayageuza fursa ya kufumua mkataba mwingine kabisa, ule wa YouTube ya kawaida, ambao ulikuwa bado una uhai hadi Desemba. Tarehe 30 Aprili Roku ikaitoa YouTube TV dukani kwake. Waliokuwa nayo waliendelea kuitumia, mgeni hakuipata. Wiki moja baadaye, 7 Mei, Google ikafanya jambo ambalo sisi tunaojenga programu tulilicheka kwa mshangao: iliweka kiungo cha YouTube TV ndani ya programu ya kawaida ya YouTube. Umefungiwa mlango wa mbele, unapitia kwa ndugu yako anayekaa chumba cha pili. Roku ilifoka, ikaiita tabia ya mhodhi wa soko asiye na wa kumzuia.

Mambo yakapoa, kisha Oktoba yakachemka upya. Roku ikatangaza kwamba baada ya tarehe 9 Desemba 2021 hata YouTube yenyewe haitapatikana kwa wateja wapya. Mwezi huohuo kituo cha habari cha CNBC kikaripoti barua pepe ya mwaka 2019, kutoka kwa mkuu mmoja wa Google kwenda Roku, ikisema kwamba kwa YouTube, rafu yake pekee kwenye majibu ya utafutaji (yaani ile safu ya sharti la kwanza) ni sharti la lazima. Ukiisoma ile kanusho ya Aprili kisha ukaisoma barua hiyo, unajua kwamba mtu alikuwa anachagua sana maneno yake. Pengine kwao kupewa rafu si "kuingilia majibu". Kwangu mimi, anayeomba rafu yake ndani ya duka la mwenzake ameingilia mpangilio wa duka, hata kama hajagusa bidhaa za wengine.

Tarehe 8 Desemba, siku moja kabla ya mlango kufungwa, wakatangaza wameelewana kwa miaka kadhaa, YouTube na YouTube TV pamoja. Masharti hawakuyatoa hadharani. Kwa hiyo wewe unayekaa mbele ya TV hukuambiwa nani alilegeza nini.

Umeuliza nani alikuwa na haki. Nitakujibu kwa vipande, kwa sababu haki yenyewe ilikuwa vipande.

Kwenye muziki, Roku ilikuwa na haki, nasema bila kigugumizi. Mtu ameingia kwenye mipangilio, akachagua programu yake ya muziki kwa mkono wake. Hilo ni agizo. Sharti la kulipindua kwa sababu tu dirisha la YouTube liko wazi ni kumdharau mwenye TV.

Kwenye rafu, jambo si jepesi kama Roku ilivyolionyesha. Katalogi niliyoieleza hapo juu imetengenezwa kwa ajili ya filamu na tamthilia, vitu vyenye jina moja na mwaka mmoja. YouTube si katalogi. Google yenyewe ilikuwa inasema video za saa 500 zinapandishwa kila dakika. Hakuna boksi linaloweza kuzihifadhi zote kwenye orodha yake. Mama akisema "maulidi ya Tanga", mwenye boksi hana chochote cha jina hilo, na YouTube huenda ina video mia, zilizorekodiwa kwa simu msikitini. Njia pekee ya kumjibu ni kumuuliza YouTube mwenyewe na kuyaweka majibu yake mahali fulani kwenye skrini. Mahali hapo ndipo panapoitwa rafu. Kwa hiyo kuwepo kwa rafu kuna mantiki, na sisi tunaotafuta vitu vya kwetu tungefaidika nayo kuliko Mmarekani anayetafuta filamu ya Hollywood. Kinachoharibu ni neno "lazima" likiambatana na "mbele ya wengine", kutoka kwa kampuni ambayo karibu kila mnunuzi wa boksi anaitaka. Boksi lisilo na YouTube nani atalinunua?

Kwenye lile la pili, kutafuta ukiwa ndani ya programu, hapo naiunga mkono Google zaidi ya walivyoiunga mkono waandishi wengi wa wakati ule. Niliwahi kukaa na timu ya programu ya filamu za Kiswahili tukijaribu jambo hilihili. Tulimpa bibi mmoja rimoti, tukamfungulia programu, tukamwambia atafute. Alibonyeza, akataja jina la mwigizaji, na boksi likamtoa nje ya programu yetu likamwonyesha filamu za Kimarekani za kukodi. Bibi akaiweka rimoti mezani taratibu kama mtu aliyevunja kikombe cha watu, akauliza, "Nimeharibu?" Alikuwa dukani kwetu, akauliza bidhaa kwetu, na mtu wa mlangoni akamshika mkono akamtoa nje. Mtu aliye ndani ya programu anatarajia ijibu programu. Ikikosa, ndipo boksi litoe yake.

Ila usidhani Roku alikuwa mnyonge anayewatetea wanyonge. Naye ana programu yake, The Roku Channel, tangu 2017, na mwenye duka aliye na bidhaa yake rafuni hawezi kuwa refa. Mwaka 2020 ilivutana na wenye programu hadi watazamaji wakachoka. Peacock, programu ya filamu na vipindi ya NBCUniversal, ilizinduliwa Julai bila kuwemo kwenye Roku, wakaelewana Septemba. HBO Max, programu nyingine ya aina hiyo, ilizinduliwa Mei, ikaingia Roku Desemba. Ugomvi ulikuwa juu ya fungu la matangazo na la ada. Kwa hiyo wakati inapiga kelele 2021 kwamba Google inataka kuhodhi, wenzetu wa Peacock bila shaka walikuwa wanacheka kwa chini.

Na haikuwa mara ya kwanza kwa Google na kitufe cha sauti. Kisa ninachokipenda zaidi, ingawa hakizungumzwi sana, ni cha Echo Show ya Amazon, spika yenye skrini iliyotoka mwaka 2017. Unaiambia Alexa, msaidizi wa sauti wa Amazon, ikuonyeshe video, inakuonyesha. Amazon ilikuwa inachukua video za YouTube na kuzionyesha kwa mpangilio wake, bila video za kufuatia zinazopendekezwa na bila chaneli ulizojiunga nazo. Septemba Google ikaikatia. Novemba Amazon ikairudisha kwa njia ya tovuti. Tarehe 5 Desemba Google ikakata tena, na safari hii ikatangaza kwamba Fire TV, boksi la Amazon, nalo litaondolewa YouTube ifikapo 1 Januari 2018. Amazon nayo ilikuwa haiuzi Chromecast, kifaa cha TV cha Google, dukani kwake tangu 2015, wala haikuwa na Prime Video, programu yake ya filamu, ndani ya Chromecast. Watu waliotaka YouTube kwenye Fire TV wakawa wanapitia kivinjari, kwa mshale na herufi mojamoja za rimoti. Wakubwa walipatana Aprili 2019, na programu zikarudi Julai. Karibu miaka miwili!

Kisa hiki kinaonyesha kitu ambacho kile cha Roku kinakificha. Sauti inamruhusu mwenye kifaa kuchukua kilicho ndani ya programu na kuiacha programu yenyewe nje. Mtazamaji akipata video bila kuiona YouTube, YouTube imebaki ghala tu. Programu zote kubwa zinaliogopa hilo. Netflix ilikataa mwaka 2019 kuingia kwenye programu ya TV ya Apple, ile inayokusanya vipindi vya kila mtu mahali pamoja, ikisema inataka wateja wake watazame ndani ya Netflix.

Upande wa spika nako hakukuwa shwari. Januari 2020 mkuu wa kampuni ya spika ya Sonos, Patrick Spence, aliwaambia wabunge wa Marekani waliokutana Boulder, Colorado, kwamba kampuni yake ilitaka mtu aweze kuiita Alexa au Google kwenye spika moja kwa wakati mmoja, na ikazuiwa na masharti ya wakubwa hao. Wenyewe huwa wanasema ni kwa ajili ya usalama na ubora. Huenda. Lakini matokeo ni yaleyale, kwamba spika ni yako na sikio ni la mtu mmoja.

Sheria imekuja kwa mwendo wa kobe. Seneta Amy Klobuchar aliutaja ugomvi wa Roku kama ushahidi kwamba sheria mpya inahitajika. Muswada wake na seneta mwenzake Chuck Grassley wa kuzuia wakubwa kupendelea vya kwao ulipita kwenye kamati ya Seneti Januari 2022 kwa kura 16 dhidi ya 6, halafu ukafia njiani bila kupigiwa kura na Seneti nzima. Ulaya wamekwenda mbali zaidi: sheria yao ya masoko ya kidijitali inakataza mkubwa kupanga vya kwake juu ya vya wengine, na YouTube imo kwenye orodha ya huduma zilizobanwa tangu Septemba 2023. Wewe uko Ohio, kwa hiyo hiyo haikusaidii leo.

Turudi kwa mama. Sijui boksi lenu ni la kampuni gani, na hujataja, vizuri tu. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya sauti au ya muziki, uone programu gani imewekwa kuwa ya kwanza. Mara nyingi imechaguliwa kiwandani, na kwenye baadhi ya vifaa kuifuta ile programu ya muziki kunatosha: mashine ikikosa pa kumpeleka, inamwacha alipo.

Halafu mfundishe kitu kimoja kipya. Ndani ya YouTube kuna alama ya kioo cha kukuzia, na kwenye vifaa vingi ukiifungua kuna maikrofoni imechorwa pale juu ya skrini. Hiyo ni ya YouTube, ile ya rimoti ni ya boksi. Akianzia kwa ile ya kwenye skrini, sauti yake inafika kwa YouTube na majibu yanatoka YouTube.

"Tara Boo" ni kwamba boksi linasikiliza kwa Kiingereza. Kiswahili kiliingia kwenye kuandika kwa sauti kwa Google Agosti 2017, lakini kwenye simu, siyo kwenye kila TV. Kwa hiyo dawa ni simu ya mama. Weka kibodi yake iwe ya Kiswahili, fungua YouTube kwenye simu, aguse maikrofoni ya kibodi na aseme "taarabu asilia" kwa lafudhi yake ya Tanga bila kuibana. Orodha ikitokea, aguse ile alama ya skrini yenye mawimbi kwenye kona ili video ihamie kwenye TV. Simu na TV ziwe kwenye Wi-Fi moja. Na mkiwa naye Jumamosi, mjiungishe kwenye chaneli tano sita anazozipenda. Hapo zitakuwa zinamsubiri upande wa kushoto wa skrini kila akifungua, na kitufe cha maikrofoni atakitumia kupunguza kelele tu.